Kabla Hujamfunga Maksai Leo Jioni, Kagua Fundo



Wiki hii nilipanga kuandika habari za kuogesha mifugo. Nimebadili mawazo kwa sababu ya kitu nilichokiona nje kidogo ya mji wa Bariadi. Nilikuta maksai amefungwa kwenye kisiki kwa kamba ya manila, shingoni amewekewa kitanzi cha kukaza. Kila alipojivuta kuyafikia majani, kitanzi kilizidi kubana, na kwa kuwa kamba ilikuwa imeshika, hakikulegea hata aliporudi nyuma. Niliegesha pikipiki, nikamwomba mwenyewe ruhusa, nikamfunga upya. Akaniuliza, "Bwana shamba, mbona una wasiwasi hivyo?" Nilimsimulia hiki ninachokusimulia na wewe.

Nilipokuwa na miaka 13, nyumbani tulikuwa na maksai wawili tu. Hao ndio waliolima mashamba yetu yote, ya pamba na ya mahindi, na ndio waliotuingizia fedha kidogo kwa kulimia majirani. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeshanyesha. Jioni moja baba alinituma niwafunge. Nilifunga kama nilivyozoea kufunga mbuzi: kitanzi cha kukaza shingoni, ncha nyingine kwenye mti. Usiku mvua kubwa ikanyesha. Mmoja akateleza kwenye kijimfereji kilichokuwa karibu na ule mti, kamba ikavutika, na kadiri alivyohangaika ndivyo kitanzi kilivyombana. Asubuhi tulimkuta amekufa.

Wewe unayelima na ng'ombe unajua maana yake. Maksai mmoja aliyebaki hawezi kuvuta jembe lililozoea jozi. Ukipata mwingine, lazima afundishwe nira na azoeane na mwenzake, na mvua haikusubiri. Mwaka ule tulilima kwa jembe la mkono, pamba ikachelewa, na sehemu ya shamba ikabaki pori. Nilisubiri fimbo, haikuja. Baba aliichukua ile kamba akaniambia, "Mwanangu, nilikupa kamba, sikukupa fundo." Akanionyesha fundo alilolijua miaka yote.

Ndugu msomaji, shika jambo moja: fundo la shingoni lisitembee, na fundo la kwenye mti lifunguke kwa mvuto mmoja. Wengi wetu tunafanya kinyume. Shingoni tunaweka kitanzi kinachotembea, na kwenye mti tunakaza mafundo matatu ambayo siku ya hatari hayafunguki bila panga.

Fundo la shingoni

Chukua kamba ufanye mazoezi kwanza kwenye mguu wa kiti. Upande unaokwenda kwenye mti tuuite upande mrefu. Mwisho ulioushika mkononi tuuite ncha.

1. Acha ncha ndefu ya kutosha kuzunguka shingo na kubaki. Mahali hapo, kunja kamba ifanye kitundu kidogo, upande wa ncha ukilala juu ya upande mrefu.
2. Zungusha ncha shingoni, uirudishe mpaka kwenye kile kitundu.
3. Ipenyeze ncha kwenye kitundu ikitokea chini kuja juu.
4. Izungushe nyuma ya upande mrefu.
5. Irudishe ndani ya kitundu kilekile, safari hii kutoka juu kwenda chini.
6. Shika ncha pamoja na pete ya shingoni kwa mkono mmoja, vuta upande mrefu kwa mkono wa pili mpaka fundo likae.

Sasa lijaribu. Vuta upande mrefu kwa nguvu. Pete ikipungua, umekosea. Fungua uanze upya. Ikibaki vilevile, umepata. Fundo hili mabaharia wamelitumia kwa miaka mingi sana, kwa sababu halikabi na, hata likishavutwa na mzigo mzito, unaweza kulifungua kwa vidole.

Pete isibane wala isipwaye. Ngumi yako ipite kati ya kamba na shingo. Ikipwaya sana, ng'ombe ataingiza mguu wa mbele akijikuna, na hiyo nayo ni hatari. Ndama anakua haraka, kwa hiyo pete yake ikague kila wiki. Nimewahi kukuta kamba iliyozama kwenye ngozi ya ndama kwa sababu ilifungwa mara moja ikasahaulika.

Fundo la kwenye mti au nguzo

Zungusha kamba kwenye nguzo mara mbili, ili nguzo yenyewe ibebe nguvu ya mnyama. Kisha pitisha ncha juu ya upande mrefu, izunguke chini yake, irudi kwenye uwazi ulio karibu na nguzo. Hapo usipenyeze ncha yenyewe. Ikunje, upenyeze ule mkunjo, halafu ukaze, kama unavyofunga kamba ya kiatu. Ng'ombe akivuta, fundo linashika. Wewe ukivuta ncha, linaachia. Akianguka au moto ukizuka, unamwachia mara moja bila kutafuta panga. Kama una ng'ombe mjanja anayetafuna ncha, ifiche upande wa pili wa nguzo asipoifikia.

Usimfunge karibu na kisiki kingine, mfereji au ukingo wa korongo. Fundo zuri halimwokoi mnyama aliyening'inia.

Kamba nayo ina tabia zake

Kamba ya katani inashika fundo vizuri kwa sababu ina ukwaruzo. Ikilowa, nyuzi zake hufura na fundo hukaza, kwa hiyo msimu wa mvua likague kila asubuhi. Ikilala kwenye matope huoza. Mkonge tunaoutoa katani uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na leo wengi wetu tunao kwenye mipaka ya mashamba. Anayejua kusokota hana haja ya kununua kila kamba.

Kamba ya manila, hii ya plastiki inayouzwa madukani, haiozi kwa maji, lakini jua huila mpaka ikaanza kukatika vipandevipande. Tena inateleza. Ukifunga fundo la shingoni kwa manila, acha ncha inayobaki iwe ndefu kama kiganja, kisha uifunge tena kwenye pete ili isichomoke. Ncha ichome kidogo kwa moto isifumuke. Kamba nyembamba sana usiiweke shingoni hata kama ni imara, kwa sababu inakata ngozi.

Kwa wafanyabiashara wa mnadani

Nanyi fundo hili linawahusu. Mbuzi aliyefungwa mguu kwa kitanzi cha kukaza tangu alfajiri hufika mnadani mguu umevimba na anachechemea. Mnunuzi haulizi chanzo, anashusha bei tu. Mfunge kwa pete isiyotembea. Na kama unapakia magunia ya dengu au choroko kwenye mkokoteni, simama baada ya mwendo mfupi ukaze tena. Magunia yakitikisika hushuka na kukaa, kamba inalegea, hata kama fundo halijafunguka.

Mwisho, jiulize kwako ni nani hasa anayefunga mifugo jioni. Nyumba nyingi ninazopita Bariadi, Itilima na Maswa, kazi hiyo ni ya mtoto. Tunampa kamba na mali ya familia nzima, tukidhani fundo atalijua mwenyewe. Leo kabla ya jua kuzama, kaa naye na kipande cha kamba. Mwonyeshe, kisha mwache afunge mara kumi, na kila mara avute aone kama pete inapungua. Akiweza kufunga gizani bila kutazama, amehitimu.

Ukikwama kwenye hatua yoyote, mwone afisa ugani wa kata yako, au ukiniona njiani nisimamishe. Siku hizi kipande cha kamba hakitoki mfukoni mwangu.