Karani na Ndege wa Kinangop

Karani mmoja wa Nairobi, mtu wa makamo aliyezoea kuhesabu fedha za watu wengine, anatunza daftari jeusi lisilo na hesabu ndani yake. Humo mna majina ya ndege, mahali alipowaona na saa. Mwaka huu alipopewa likizo ya siku kumi na nne, shauri lililomsumbua lilikuwa moja tu: aende lini?

Watu wengi hudhani ya kuwa ndege wapo siku zote, na kwamba mtu akiwa na nauli na darubini yatosha. Sivyo. Majira ya joto yanapokwisha huko Ulaya na Asia, ndege wengi sana hufunga safari kuja kusini. Vitwitwi huanza kuonekana kando ya maziwa ya Kenya mwezi wa Agosti. Mbayuwayu, ambaye uzito wake ni kama gramu 20 tu, huja kwa wingi baadaye. Tena mwezi wa Agosti ukungu na baridi hufunika milima ya Nyandarua. Kwa hiyo karani alichagua Oktoba.

Njia nayo aliipanga vizuri. Angeanzia ziwa la Naivasha, kwa furukombe na mwari. Kisha angepanda Kinangop na kuingia mlimani, ambako chozi huzunguka maua ya lobelia katika baridi kali. Huko mtu haendi kwa miguu peke yake, kwa kuwa nyati na tembo wamo. Askari wa mbuga huandamana naye, na malipo yake yahesabiwe mapema. Mwisho angeshukia ziwa la Ol Bolossat na vinamasi vyake, kumtazama korongo mwenye taji.

Ndipo kaka yake, mkulima wa Kinangop, alipopiga simu. “Mdogo wangu, yale malisho ya chini nayalima mwaka huu. Trekta inakuja Septemba, kabla ya mvua. Nataka viazi.”

Katika malisho yale hukaa ndege mdogo mwenye kifua cha manjano na ukucha mrefu wa nyuma, ambaye haonekani katika nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Yeye ni wa nyasi za nyanda za juu. Zikilimwa, hana pa kukaa. Karani alimwandika daftarini kwa mara ya kwanza papo hapo, penye kondoo wa kaka yake.

Hakubisha. Kaka ana watoto wanne shuleni, na viazi hulipa ada kuliko sufu. Nani awezaye kumwamuru mtu aache shamba lake kwa ajili ya ndege? Aliuliza tu, “Kaka, waweza kuningojea?”

“Njoo upesi,” akajibiwa.

Basi likizo ikarudishwa Agosti. Kinangop ikawa ya kwanza, siku tatu nzima. Naivasha ikabakiwa na siku moja, na mlima ukaachwa mwisho, labda ukungu utapungua. Mbayuwayu wengi atawakosa, naye ajua.

“Baba watoto,” mkewe alisema akimtazama akifunga mzigo, “safari hii si ya ndege. Waenda kuongea na kaka yako.”

Karani hakujibu. Alitia sweta, viatu vya mpira, sukari na majani ya chai ya shemeji yake, kisha kamba ya kupimia ya mita 50. Katika malisho yale upo upande mmoja wenye maji, ambako hata viazi huoza.