Siku Tatu Ngong Road

Tulifika Ngong Road, Nairobi, asubuhi ya mvua, daftari la zaka la msikiti wetu likiwa mkobani. Ndiyo barabara ambako iHub, kituo cha waandishi wa programu, kilifunguliwa mwaka 2010. Mafunzo yetu yalifanyika jirani, ghorofani, maneno machache na vitendo vingi.

Tovuti tuli ni kama bango la ukutani: kila apitaye husoma yale yale. Tovuti hai huiuliza kwanza hifadhidata, kisha humtengenezea kila mgeni ukurasa wake. Siku ya pili fomu yetu ya wanaostahiki zaka ilikuwa tayari, nasi tukajiona mafundi.

Kijana aliyeketi kando yetu, makamo ya wanafunzi wetu wa madrasa, akaomba ruhusa kuijaribu. Katika kisanduku cha kutafutia jina aliandika alama ya nukuu na maneno machache ya amri. Orodha nzima ikafunguka: mafakiri, wajane, wenye madeni. Alhamdulillahi, majina yalikuwa ya kubuni.

"Ustadh," akasema kwa upole, "umeacha jina ligeuke amri."

Siku ya tatu yote tulikuwa tukivitenganisha viwili hivyo, na alasiri ikatukuta hatujamaliza. Daftari tulirudi nalo mkobani, limefungwa.