Jedwali Halipo? Uliza Tena

Wasee, leo nabishana na mafundi wa programu. Na kama wewe si fundi, usipite, hii stori inakuhusu.

Kuna swali dogo kwa hifadhidata ambalo mafunzo mengi ya YouTube yanaliruka chap chap: hili jedwali lipo ama halipo? Mwalimu anaandika CREATE TABLE IF NOT EXISTS, anasema "hiyo ni ya usalama tu", anaendelea. Mimi huo usalama siuoni.

Kuna chama cha kina mama hapa Dandora Phase 4. Wako 32, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Hiyo ni 6,400 kila Jumapili, na kwa mtaa huu hiyo ndiyo karo, ndiyo gesi, ndiyo stoki ya mtumba. Kijana fulani aliwatengenezea programu ya kurekodi michango kwa laptopu yake ya Windows, ikitumia MySQL. Ikafanya kazi mwaka mzima bila noma. Halafu akahamisha kila kitu kwa seva ya kukodi, yenye Linux, ndiyo kila mama aone salio lake kwa simu. Jumapili wakafungua simu. Sufuri. Wote 32, sufuri.

Mweka hazina ni mama anayeuza mboga karibu na steji. Pesa zenyewe zilikuwa salama benki, lakini si mnajua mtaa? Watu walishaanza kuhesabu sufuria mpya kwa nyumba yake. Aliponiita hakuniuliza habari za seva. Alisema, "Kijana wangu, niambie tu kama zile rekodi ziko, nijue kama naweza kwenda kanisani." Nikamwambia, "Mama, nipe dakika kumi."

Niliandika SHOW TABLES. Yakatoka majedwali mawili: Michango na michango.

Hapa ndipo penye utamu. Kwa Windows, MySQL kwa kawaida huhifadhi jina la jedwali kwa herufi ndogo, na haijali ukiita kwa M kubwa. Kwa Linux kwa kawaida inajali. M na m ni watu wawili tofauti kabisa. Kwa hivyo programu ilipowaka kwa seva iliuliza: Michango ipo? Seva ikajibu ukweli mtupu: haipo. Basi ikaunda mpya, tupu, ikanyamaza. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Lile la zamani lilikuwa limekaa hapo hapo kando. Nikahesabu mistari yake: 1,664. Gawanya kwa 32 upate wiki 52. Hakuna mama aliyeruka hata wiki moja, manze. Mimi mwenyewe siwezi hiyo nidhamu.

Siilaumu MySQL, hiyo tabia imeandikwa wazi kwa maelezo yake. Shida yangu ni ile amri inayounda kitu badala ya kuuliza. Na hata jina likipatikana, IF NOT EXISTS haiangalii ndani: jedwali linaweza kuwa na safu tofauti kabisa na zile unazotaka, na bado itasema sawa tu. Kuhusu ndugu yake, DROP TABLE IF EXISTS, ambayo watu huweka juu kabisa ya faili walilokopi mahali, sitaki hata kuanza.

Kuuliza vizuri si ngumu. Edgar Codd, yule aliyeleta wazo la hifadhidata za majedwali mwaka 1970 akiwa IBM, alisisitiza baadaye katika kanuni zake za 1985 kwamba orodha ya majedwali nayo ikae kama majedwali, uiulize kwa lugha ile ile. Ndiyo maana kwa MySQL na PostgreSQL kuna information_schema.tables. Kwa SQLite, ambayo iko ndani ya simu yako ya Android sasa hivi, kuna sqlite_master. Taja jina la jedwali, na kwa hizo mbili za kwanza taja pia table_schema, maana jina moja linaweza kukaa nyumba mbili.

Lakini kuna mtego mwingine. information_schema hukuonyesha tu yale majedwali ambayo akaunti yako ina ruhusa nayo. Ukipata mistari sufuri, inaweza kuwa hakuna kitu, ama wewe ndiye huruhusiwi kukiona. Majibu yote mawili yanafanana kabisa.

Hii naijua nje ya kompyuta. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kabla ya hapo kwa dirisha la ofisi moja niliambiwa jina langu halipo kwa mfumo. Kumbe aliyekuwa akitafuta hakuwa na ruhusa ya kuona orodha ya wanaolipa karo kwa awamu. Angesema "mimi sioni", ningejua niende dirisha gani. "Haupo" ilinituma nyumbani. Na mimi nilikuwa na kitambulisho mfukoni. Kuna Washona ambao wazee wao walikuja Kenya na kanisa lao miaka ya 1960. Walizaa hapa, wakazeeka hapa bila uraia, hadi serikali ilipotangaza kuwatambua Desemba 2020. Miaka hiyo yote walikuwepo, buda. Sajili ndiyo haikuwa nao.

Programu ya chama sasa haiundi jedwali lolote ikiwaka. Ikikosa michango inasimama, inaandika ni akaunti gani imeuliza, kwa hifadhidata gani, na jina gani limetafutwa, herufi kwa herufi. Mweka hazina alitaka hayo maandishi yawe kwa Kiswahili, na mstari wa kwanza usome: "Rekodi hazijaonekana. Msimshuku mtu bado."