Mashati Mawili

Kwa miezi miwili nilivaa mashati mawili, hata jua lilipokuwa linachoma Nakivale nzima. Nyuma ya chuchu zangu kulikuwa na uvimbe mgumu, wa mviringo kama sarafu. Ukiugusa, unauma.

Yaliyonipata siku tulipokimbia Kivu ya Kusini sitayasimulia hapa. Inatosha kusema kwamba nilipofika Uganda madaktari waliniondoa korodani zote mbili. Tangu hapo naishi kwa sindano ya testosteroni, miligramu 250 kila baada ya wiki 3. Ilinirudishia nguvu na hamu ya kuishi. Halafu kifua kikaanza kuvimba.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. "Papa Furaha, hapa iko nini?"

Nikamwambia ni mbu. Moyoni nilisema: walichokianza wenye bunduki, sindano inakimaliza.

Rafiki mmoja anayenyanyua vyuma aliniambia hiyo ni estrojeni, homoni ya wamama, lazima niiue. Nikanunua vidonge vya kuizuia, vile wanavyopewa wanawake wenye saratani ya matiti. Nilimeza kila siku bila kumuuliza mtu. Baada ya wiki kadhaa magoti na vidole vikaniuma kama mzee, na ile hamu ya kitandani ikazimika tena.

Ndipo nikapanda gari hadi Mbarara kumwona daktari. Alinipima kifua kwanza, kuhakikisha si saratani, kisha akanichorea kwenye karatasi. Mwili wa kila mwanaume hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na kazi hiyo hufanyika sana kwenye mafuta ya mwili. Na mimi tumbo lilikuwa limeshaongezeka. Sindano kubwa ikiingia, testosteroni hupanda sana siku za mwanzo na estrojeni huifuata juu. Baadaye zote hushuka kabla ya sindano nyingine.

"Lakini estrojeni si adui yako," akasema. "Bila hiyo, mifupa ya mwanaume inadhoofika na hamu inapotea. Tunataka iwe ya kiasi, siyo iishe."

Hakunipa dawa mpya. Alinikataza vile vidonge, akabadilisha sindano: dozi ndogo kila wiki. Sasa napimwa damu kila ninapopangiwa, na nimerudi kulima ili tumbo lipungue. Uvimbe umepungua, haujaisha. Maumivu yameondoka.

Ndugu zangu mnaochomwa sindano hii kimya kimya, kifua kikivimba msikimbilie duka la dawa. Semeni kwa daktari.

Jioni ile nilimweleza mke wangu yote, hata ule uongo wa mbu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa na miye niko na ile ya wanaume?"

"Iko, kidogo."

"Basi vua shati moja, joto itakuua."

Nikavua.