Pumzi Fupi, Njia Ndefu: Kutoka Jinja Hadi Mbale

Mji wa Jinja umekaa mahali ambapo mto Naili hutoka katika Ziwa Viktoria na kuanza safari yake ndefu ya kwenda Misri. Alfajiri, kabla malori hayajawa mengi katika daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, barabara za mtaa wa kale huwa tulivu chini ya miti mikubwa. Ardhi ya hapo haina milima, na hewa itokayo ziwani ina unyevunyevu. Mwenye pumu anayetaka kujifunza kukimbia hupata hapo mahali pema pa kuanzia.

Hata hivyo, wako wengi wasiosadiki kwamba mtu wa namna hiyo aweza kukimbia. Jinja ni mji wa kambi tangu enzi za ukoloni, na popote penye askari, abakiye nyuma katika mchakamchaka hudhaniwa kuwa mvivu. Kwa sababu hiyo, kijana huona haya kuutaja ugonjwa wake, akaificha pampu yake ya dawa chini ya godoro. Haya hiyo ina gharama kubwa, kwani pumu ikimshika mtu kwa nguvu naye hana dawa karibu, yaweza kumwua.

Pumu ni maradhi ya mirija ya hewa iliyomo mapafuni. Mirija hiyo huvimba kwa ndani, na misuli inayoizunguka hukaza, hata njia ya hewa ikawa nyembamba. Mtu akimbiapo huvuta hewa nyingi kwa mdomo, nayo huingia bila kupashwa moto wala kulainishwa na pua. Mirija hukauka, kifua hubana na kutoa mluzi, aghalabu dakika chache baada ya mkimbiaji kusimama. Ndiyo maana hewa baridi na kavu humsumbua kuliko hewa ya ziwani.

Basi hatua ya kwanza ni kwenda kwa daktari. Iko dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe, ambayo hutumiwa kila siku hata kama mtu hajisikii vibaya. Na iko ya kufungua mirija upesi, ambayo daktari aweza kuagiza ivutwe kama dakika 15 kabla ya mazoezi. Anayeitegemea hii ya pili peke yake huutuliza ubanaji tu, na uvimbe hubaki pale pale.

Mwili nao hupashwa moto kwa kutembea dakika 10 hadi 15. Kisha mwanafunzi hukimbia polepole dakika moja na kutembea dakika mbili, akirudia hivyo kwa dakika 20, mara tatu kwa juma. Kipimo chake ni maneno: akiweza kuzungumza na mwenzake, mwendo unafaa, akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Mwishoni atembee tena, asisimame ghafla. Siku ya mafua, au siku ambayo moshi wa shamba lililochomwa umetanda, apumzike.

Baada ya miezi kadhaa ya kujizoeza hivyo, ndipo yafaa kuifikiria Mbale. Barabara hupita Iganga, ikakata mabonde ya mpunga ya mto Mpologoma, mpaka ukuta wa mawe wa Wanale unapotokea mbele, maporomoko yake yakining'inia kama nyuzi nyeupe. Mji wenyewe uko chini ya mlima Elgon, na mwinuko wake haupitani sana na ule wa Jinja. Ila kila njia iendayo Wanale ni mpando, na kadiri mtu apandavyo, asubuhi huwa na baridi. Hapo mwenye pumu hujifunga kitambaa mdomoni, huanza kwa kutembea, na wala haoni aibu kupitwa na watoto waendao shule.

Mbele ya Mbale iko Kapchorwa, nyumbani kwa Joshua Cheptegei, ofisa wa polisi aliyeweka rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020. Wanaoishi na pumu nao wana mfano wao. Paula Radcliffe wa Uingereza, mwenye pumu tangu ujana, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, na rekodi hiyo ya wanawake ilidumu hadi mwaka 2019. Dawa yake hakuifanya siri.

Nyumbani, mama na baba wana kazi yao. Jiko la mkaa liwekwe nje, na sigara isivutwe ndani. Mtoto asiyeweza kuvuta pampu barabara asaidiwe kwa chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu linaloikaza pampu. Mhudumu wa afya atawaonyesha namna yake. Na mtu yeyote ambaye midomo yake inageuka rangi ya buluu, au anayeshindwa kusema, au asiyepata nafuu baada ya dawa, apelekwe hospitali mara moja, akiendelea kupewa dawa njiani. Pampu ikae katika mfuko wa mkimbiaji, na anayekimbia pamoja naye ajue ilipo.