Filamu mbili na barua moja ya posa

Muhula huu filamu mbili zimezunguka hosteli yetu kwa flashi mpaka flashi yenyewe imechoka: Ticket to Paradise na What's Love Got to Do with It?. Zote ni za 2022, zote ni za mapenzi na vichekesho, zote zinahusu ndoa. Halafu zimetoka jiko moja. Kampuni ya Working Title ya Uingereza ina mkono katika zote mbili, wale wale waliotupa Four Weddings and a Funeral mwaka 1994 na Notting Hill mwaka 1999. Yaani hawa watu wamekula harusi kuliko wapambaji wa kumbi za Sinza.

Kwenye korido yetu hukumu imeshatoka: ya kwanza ni ya kucheka tu, ya pili ndiyo yenye akili. Naomba kukata rufaa.

Katika Ticket to Paradise, George Clooney na Julia Roberts ni David na Georgia, watalaka ambao hawawezi kukaa viti viwili vya jirani bila kurushiana maneno. Binti yao Lily amemaliza sheria, anakwenda Bali kupumzika na rafiki yake, anakutana na Gede, mkulima wa mwani, na baada ya wiki chache anawaarifu wazazi kwamba anaolewa. Kazi ya uwakili inamsubiri nyumbani. Anaiacha. Sisi wa sheria mwaka wa nne, tunaohesabu siku za kwenda Shule ya Sheria na bado hatujui ada itatoka wapi, tulipiga kelele kama tumeona goli limekataliwa.

Na huyo Gede, jamani. Mwenzangu wa chumba ni wa Makunduchi. Alipoiona nyumba ya Gede na ufukwe wake aliuliza swali moja tu: "Mwani upi huo?" Unguja kilimo hicho kimeshika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na walio wengi ndani yake ni wanawake. Wanaingia baharini maji yakitoka, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba kwenye vijiti, wanainama mpaka maji yarudi, na bei ya kilo anakuja nayo mnunuzi. Hakuna aliyetoka Chicago kwenda kuolewa kwa ajili hiyo. Hata hiyo Bali tunayoionea wivu kwa sehemu kubwa ilipigwa picha Queensland, Australia.

Basi wazazi wanapanda ndege. Wana mapatano yao ya kwanza tangu waachane: kuivunja harusi kwa ujanja huku wakitabasamu. Wanafikia mpaka kuiba pete.

Ya pili inakwenda hivi. Zoe (Lily James) anatengeneza filamu za maisha halisi jijini London. Jirani yake Kazim (Shazad Latif), daktari, rafiki wa tangu utotoni, anamwambia kwamba amewaomba wazazi wamtafutie mke. Amewaomba mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Zoe anaomba kumfuata na kamera, na wote wanaishia Lahore kwa bibi harusi, Maymouna (Sajal Aly). Aliyeandika hadithi ni Jemima Khan, aliyekuwa mke wa Imran Khan na akaishi Lahore. Mwongozaji, Shekhar Kapur, alizaliwa huko huko mwaka 1945, kabla Pakistan haijawepo. Inaonekana. Wazazi wa Kazim si vikaragosi, na mama yake (Shabana Azmi) ningemsalimia shikamoo nikikutana naye kituoni.

Nusu ya kwanza ni tamu kweli. Kazim anajenga hoja kama wakili: hao mnaojitafutia wenyewe mmefika wapi? Talaka ngapi? Zoe hana jibu, maana kila akitoka na mwanamume anarudi na hadithi ya kuwatisha watoto wa rafiki yake. Nilikaa vizuri kitandani nikasema, leo watatuonyesha. Watatuonyesha mwaka wa pili na wa tatu wa ndoa ya watu waliounganishwa na wazee, mapenzi yakichelewa na kufika, au yasifike.

Wapi! Maymouna moyo wake hauko pale, harusi inapita haraka, na Kazim anarudishwa kwa Zoe ambaye bango la filamu lilishatuambia ndiye. Maymouna amefanywa kituo cha daladala, pa kushukia na kuunganisha. Filamu imeuliza swali zito halafu ikatoka mbio kabla ya jibu, na hapo ndipo ninapokataa kuiita yenye akili kuliko mwenzake.

Ila ina Jamila. Ni dada yake Kazim, aliyeolewa na mtu asiye wa kwao, na nyumbani jina lake halitajwi. Sura yake inatokea kwenye filamu ya Zoe mbele ya familia nzima, na bibi mzee ndiye anayesema anataka kumwona. Korido ilinyamaza. Mimi nilitoka kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Kwetu tunaye mama mdogo wa namna hiyo. Aliolewa na mtu wa dini nyingine mwaka ambao mimi nazaliwa, na kwenye albamu ya sebuleni kuna ukurasa wenye alama nne za gundi na hauna picha.

Nimelitaja hilo kwa sababu mwezi uliopita barua ya posa imefika nyumbani. Mshenga ameileta kwa baba mkubwa, na kishika uchumba kimo ndani ya bahasha. Kijana ni mwalimu, nimemwona mara mbili, si mtu mbaya hata kidogo. Mama alinipigia akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe unasemaje?" Jibu linasubiriwa baada ya mitihani.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja. Haiulizi nani alimtafuta nani. Kwa kifungu hicho Lily amepita, Kazim amepita, na mimi nikikubali nitapita. Kifungu cha 101 nacho kinataka wanaotaka talaka wapitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. David na Georgia wangekuwa raia wa Tanzania huenda wangeokoa nauli ya Bali. Lakini sheria haisemi lolote kuhusu kile ninachotaka kukijua, na hapo ndipo ile filamu ya kucheka tu ilinishika.

Kuna mahali David anaeleza ndoa yao ilivyokufa. Walijenga nyumba kando ya ziwa, ikateketea kwa moto, na wao wenyewe walikuwa wameshaanza kuungua kabla yake. Clooney anaisema kwa sauti ya chini, bila utani. Kumbe hawamwogopi Gede, wanajiogopa wao walivyokuwa katika umri ule. Baada ya hapo wanashindwa, pete zinarudi, harusi inafanyika. Filamu yenye mzaha mwingi hivyo ndiyo iliyowaacha wazazi waseme mbele ya watu kile wanachokiogopa. Wa Kazim, kwa heshima yao yote, wanatetea utaratibu tu. Wa kwangu pia. Nimeambiwa kijana anaswali, ana kiwanja, kwao ni watu wa watu. Sijaambiwa mwaka wa kwanza ulikuwaje kwa baba na mama, ambao nao waliletewa barua.

Jumapili nikampigia mama nikamuuliza hivyo hivyo. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akacheka, si kicheko chake cha kawaida, akasema mambo hayo hayasemwi kwenye simu, nikimaliza mtihani wa mwisho nipande basi la asubuhi la Tanga, na nisimwambie baba mkubwa kwamba nakuja.