Masurufu ya Safari

Watu wengi wakisikia habari ya safari ya lori na hema, huuliza kwanza habari za njia, na mvua, na wanyama wakali. Sisi walimu, ambao kwa miaka kadhaa tumechukua watoto wa madarasa ya juu kwenda kulala nje siku mbili tatu, twaona kwamba swali la kwanza ni lingine, nalo ni hili: watakula nini, na chakula hicho kitatoka wapi? Maana chakula cha safari, ambacho wazee wetu walikiita masurufu, hakishibishi tumbo tu. Ndicho kinachoamua ni mtoto gani atakwenda na mtoto gani atabaki nyumbani.

Shule yetu iko kijijini, katika nchi ya Ugogo. Safari yetu ni ya kwenda Kolo, wilaya ya Kondoa, kutazama michoro ya kale iliyochorwa kwa rangi nyekundu juu ya majabali, watu warefu wembamba na wanyama wa porini. Mwaka 2006 michoro hiyo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, tena yafaa mtoto aliyezaliwa karibu nayo aione kwa macho yake kabla hajaisoma katika kitabu. Watoto ni 40. Wao hupanda basi, kwa kuwa lori la mizigo si chombo cha kubebea watu, na lori huchukua mahema, maji, sufuria na chakula.

Kabla hatujakabidhiwa kazi hiyo, desturi ilikuwa kununua vyakula vya dukani: mikate, soseji, biskuti, soda na maji ya matunda ya maboksi. Gharama yake iligawanywa, kila mzazi akatakiwa kuleta fedha. Basi wenye fedha waliandikisha watoto wao, na wengine wakanyamaza. Wasomaji wapenzi, ninyi mwajua kwamba mtoto wa maskini hasemi mbele ya wenzake, “Kwetu hakuna fedha.” Husema, “Siku hiyo nitachunga,” au, “Mama anaumwa.” Lori likaondoka, naye akasimama kando ya njia akilitazama vumbi lake.

Mwaka tulioanza kuisimamia safari, alitujia bibi mmoja amlezaye mjukuu wake. Tulimwamkia, “Shikamoo, bibi,” akaitikia, “Marahaba, mwalimu,” akakaa kitako, akafungua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mlenda mkavu, uliokauka vizuri na kutwangwa. Akasema, “Mwalimu, fedha sina. Lakini huu niliukausha mimi mwenyewe wakati wa mvua. Je, hautoshi mjukuu wangu kwenda na wenzake?” Tuliutazama mlenda ule, tukapiga hesabu, tukaona kwamba ungetosha watoto kumi kwa mlo mmoja. Tangu siku ile hatukudai tena fedha ya chakula.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo mpaka Unyamwezi na Ujiji, haikubeba mikate. Mpagazi alipewa posho yake, na kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kwa nafaka hiyo alipanda milima na kuvuka nyika, na mzigo begani. Ikiwa nafaka ilimtosha yeye, haishindwi kumtosha mtoto anayekwenda kwa basi.

Sasa tueleze hesabu yetu, ili mwalimu au kiongozi wa kwaya anayetaka kuifuata asibahatishe. Kila mtoto huleta nusu kilo ya unga wa mtama au uwele au mahindi, na konzi mbili za choroko au karanga. Haba na haba hujaza kibaba: nusu kilo kwa watoto 40 ni kilo 20. Ugali wa jioni hutaka kilo 8, na jioni ni mbili. Uji wa asubuhi hutaka kilo 2, na asubuhi ni mbili. Hesabu inakamilika bila kubaki unga wa kumwaga. Shule huongeza dagaa wakavu, vitunguu, nyanya, chumvi, sukari kidogo na mafuta ya alizeti. Maji twachukua lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa na ya kupikia, yaani madumu 10 ya lita 20 kwa kila siku, na ya kunywa huchemshwa.

Siku ya kwanza kila mmoja hula mchana alichofungiwa na mama yake: viazi vitamu vya kuchemsha, au chapati, au maandazi. Chakula hicho huliwa siku hiyo hiyo, wala hakilazwi. Kabla ya kuondoka asubuhi, huosha choroko na kuzitia katika ndoo yenye maji na kifuniko, na ndoo hufungwa vizuri ndani ya lori. Tunapowasili alasiri zimekwisha kulainika, nusu ya kazi imefanyika tukiwa njiani.

Tukishapiga hema, choroko huchemshwa katika sufuria kubwa mpaka zitokote kwa muda wa robo saa. Kisha sufuria huepuliwa bila kufunuliwa, na kutiwa katika tenga lililojazwa majani makavu, na kufunikwa mablanketi pande zote. Joto halina pa kutokea, na choroko huendelea kuiva zenyewe. Huku nyuma, moto ule ule hutumika kwa ugali. Ugali ukiwa tayari, choroko hurudishwa motoni zitokote tena, na kutiwa vitunguu na nyanya vilivyokaangwa, nazo huliwa moto.

Asubuhi ni uji uliotiwa karanga zilizotwangwa. Karanga humpa mtoto nguvu za kupanda mlima mpaka kwenye majabali. Mchana wa siku ya pili hatuwashi moto kabisa. Kila mtoto hutia mfukoni karanga za kukaanga, na ubuyu, na michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo Wasukuma wamevijua tangu zamani. Vile vinavyochemshwa kwanza huitwa matobolwa, navyo hutafunwa bila kupikwa tena. Ni chakula chepesi kubeba, hakimwagiki, hakiharibiki kwa jua. Jioni ya pili ni mlenda mkavu uliopikwa na karanga, pamoja na dagaa waliooshwa kwa maji ya moto na kukaangwa. Kazi ya jikoni hugawanywa kwa zamu, wavulana kwa wasichana, kwa maana njaa haibagui.

Yako mambo mawili ambayo hatuna budi kuyaonya kwa nguvu.

La kwanza ni ukungu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 walipatwa na sumukuvu iliyotokana na nafaka zenye ukungu, na 20 kati yao walikufa. Hao walikuwa jirani zetu. Sumu hiyo haionekani katika unga, wala haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo twawaomba wazazi wachambue nafaka kabla ya kusaga, na kutupa punje zote zilizobadilika rangi au kunyauka, na karanga kadhalika. Nafaka ianikwe juu ya turubai au mkeka, isianikwe juu ya udongo mtupu. Mtoto akileta kitu chenye ukungu, sisi hukipokea faraghani, huweka kingine mahali pake, wala wenzake hawajui. Si vema mtoto aaibishwe kwa ghala la baba yake. Lakini baadaye huenda kumwona mzazi nyumbani, tukamweleza hatari iliyomo.

La pili ni kiporo. Safari moja tulipiga hema karibu na kundi la watu wengine, ambao walipika wali mwingi usiku, wakaufunika, wakaula asubuhi. Kabla ya adhuhuri wengi wao walikuwa wakitapika, na safari yao ikaishia hapo. Watu wengi hudhani kwamba kupasha moto huondoa madhara yote. Sivyo. Katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi na uvuguvugu, huchipuka na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki kwa moto. Nyumbani mtu aliyetapika hulazwa kitandani. Porini, mbali na zahanati, na watoto 40 wa watu wengine mikononi, ni jambo lingine. Pikeni kwa kipimo, kiishe.

Tena tuseme neno juu ya kuni. Nchi ya Kondoa iliwahi kuliwa na mmomonyoko mpaka ikawa makorongo matupu. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika sana, ili miti na majani yapate kurudi. Wenyeji walipata taabu kubwa kwa ajili ya miti ile. Haifai mgeni wa siku tatu aje na panga kuikata apate kuchemsha chai. Sisi twabeba kuni zetu katika lori, na lile tenga la majani hutupunguzia kuni kwa kiasi kikubwa. Moto huzimwa kwa maji, na majivu hufukiwa.

Huenda msomaji akasema, “Lakini watoto hupenda soda na soseji.” Ni kweli, hupenda. Hata hivyo, hatujamwona mtoto aliyerudi Kolo akilalamika kwamba alikula mlenda. Husimulia mlima, na michoro, na baridi ya usiku, na jinsi mwenzake alivyounguza uji. Nao husimulia wote, kwa kuwa walikuwako wote.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Basi, akina mama na akina baba, mvua zitakapokuja, kati ya Desemba na Aprili, mlenda na majani ya kunde yatakapojaa mashambani, msiyaache yakazeeka. Chumeni mapema, osheni, anikeni kivulini penye upepo ili yasipoteze uzuri wake kwa jua kali, kisha hifadhini katika chombo kikavu chenye kifuniko. Kila nyumba ikiweka kibakuli kimoja tu kwa ajili ya safari ya watoto, siku ya kuandika majina mwalimu ataanza na jina la kwanza katika daftari na kumaliza na la mwisho.